Mado Hajaita

Kila Jumamosi, jua likishateremka nyuma ya ukuta wa jirani, Clément alivaa koti lake, akanawa mikono, kisha akamwita binti yake aje kusoma daftari. Miaka kumi na moja alikuwa amelishika daftari lile, akilifuta vumbi na kulirudisha juu ya rafu karibu na gunia la ulezi, lakini lilikuwa limeandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa cha Clément kilikuwa cha kusikia, si cha kusoma. Basi Adolphine alisoma na kugeuza kwa Kiswahili, sentensi moja moja, na baba yake alisikiliza akiwa wima mbele ya waya kama yuko kanisani.

Daftari lilikuwa la Musyu Verbist, mzungu aliyekuwa bosi wa Clément, na ndege walikuwa wake pia: kasuku wadogo wanaoenea katika kiganja, wa kijani, wa buluu, wa manjano, ambao mtaani watu waliwaita perishi. Musyu Verbist alikuwa ameondoka mtaa wa Bel-Air mwezi wa saba mwaka wa sitini, yeye, mke wake na mbwa wao, kwa njia ya mpaka wa Mokambo, bila kufunga hata madirisha. Ufunguo wa banda la ndege alimwachia Clément mkononi. Alisema atarudi kiangazi kikiisha. Kiangazi kile kiliisha, na sasa kingine kilikuwa kinaisha. Katanga ilikuwa imekuwa nchi, na bendera yake na stempu zake, na Clément alikuwa bado anabadilisha maji mara mbili kwa siku na kuponda maganda ya mayai ili majike wasikose chokaa.

Familia iliishi katika nyumba ndogo ya nyuma, ile ya wafanyakazi. Clément na mke wake Régine walikuwa wametoka Kasai wakiwa vijana, na nchi hii mpya haikuwataka watu wa Kasai. Adolphine alizaliwa hapa hapa Elisabethville, na Kasai aliijua kwa majina ya watu waliokufa tu. Alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kwa masista ili awe mwalimu, mpaka asubuhi moja alipokuta benchi lake limesukumwa peke yake karibu na mlango. Hakuuliza nani amelisukuma. Alikaa, akaandika somo, saa sita akarudi nyumbani, na kesho yake hakwenda.

Hiyo ilikuwa mwezi wa sita. Mwezi wa saba kaka yake Alexis alitoka asubuhi kwenda kazini kwa baiskeli, na kwenye kizuizi cha barabara vijana wenye virungu wakamwuliza jina la ukoo wake. Wiki mbili baadaye Régine aliiona baiskeli sokoni, na kitambaa chekundu ambacho yeye mwenyewe alikifunga kwenye usukani. Aliyeipanda alikuwa mtu mwingine. Alexis hakuonekana tena, hai wala maiti.

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba hakulia, lakini alianza kuwahesabu ndege asubuhi na jioni. Adolphine alingoja machozi yake, yakakataa kuja. Ilikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya, unakanyaga nao chini na unajua ni wako, lakini hausemi kitu. Alichota maji, alipika ubwali, alifua, alisoma daftari. Watu walisema ana moyo mgumu.

Mwezi ule wa nane kazi ya baba yake ilikuwa Mado. Clément ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu, alisema, alikuwa anatembea juu ya tawi kama mwanamke anayejua kwamba anatazamwa. Alikuwa jike wa buluu, buluu ya mbingu ya asubuhi, na Musyu Verbist alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba asioanishwe na yeyote ila dume mmoja wa buluu, mkubwa wa kichwa, aliyepata utepe katika maonyesho. Buluu kwa buluu huzaa buluu tupu. Ukichanganya na kijani, buluu inajificha, na kazi ya miaka inapotea. Dume yule Clément alimwita Shampio, bingwa.

Njia ya kuwaoanisha ilikuwa imeandikwa. Katika banda kubwa majike huchagua wenyewe, na jike akishachagua si rahisi kumtoa. Kwa hiyo unamtoa yule unayemtaka, unamfungia na dume wako katika kizimba kidogo kisicho na kisanduku cha kutagia, wiki tatu, mbali na wengine. Wakishakubaliana, unawapa kisanduku. Clément alifuata kila neno. Kizimba kile alikiita shambre, chumba cha kulala.

Wiki tatu zilikuwa zimefika. Shampio alikuwa ameimba, amecheza kichwa juu na chini, amegonga tawi kwa mdomo, ametapika ulezi laini kumpa mwenzake kama ilivyo desturi yao. Mado alikaa upande mwingine wa tawi, manyoya yamevimba kidogo, macho nusu wazi. Hakumpiga, hakumkimbia, na hakula kutoka mdomoni mwake. Nje, katika banda kubwa, kulikuwa na dume wa kijani aliyekosa kidole cha mguu wa kushoto, ambaye alikaa kutwa kwenye waya ulio karibu na shambre. Clément alimfukuza kwa ufagio. Yeye alirudi.

“Hakuna vita,” Clément alimwambia binti yake kwa kuridhika. “Mado anatulia. Anaisha kukubali.”

Adolphine alilitazama daftari. Pembeni mwa ukurasa ule ule, kwa kalamu ya risasi, kulikuwa na maneno madogo ambayo hajawahi kuyasoma kwa sauti, kwa sababu baba yake alikuwa anataka yaliyoandikwa kwa wino tu. Aliyasoma kwa macho. Kisha akafunga daftari, maana hakuzoea kumwambia baba yake kwamba amekosea.

Siku iliyofuata, Jumapili, Symphorien alikuja kuoa.

Symphorien alikuwa Mkasai mwenzao, na miaka thelathini na minne, mfanyabiashara wa samaki wakavu na chumvi kati ya Mokambo na mjini. Alikuwa na kamyoneti ya kijivu, gari dogo la mizigo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anacheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza, na mara mbili alikuwa amemleta Régine nyumbani kutoka sokoni katika siku ambazo mwanamke wa Kasai hakutembea ovyo. Alikuja na mzee Floribert, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake, na vitenge, na chumvi, na mbuzi anayepewa mama wa binti, mwenye doa jeupe shingoni, wakamfunga kwenye mpera.

Haraka ilikuwa na sababu. Kule Katuba na Kenya, mitaa ya mji ule ule, watu wa Kasai walikuwa wanatolewa majumbani. Maelfu walikuwa wamekimbilia kwa askari wa ONU, wa Umoja wa Mataifa, wakalala uwanjani chini ya turubai na makaratasi ya masanduku, na kila siku wengine walifuata. Kwenye geti la Musyu Verbist mtu alikuwa amechora msalaba wa chaki. Clément aliufuta. Asubuhi ya pili ulikuwepo tena. Symphorien alisema Alhamisi atawapeleka kambini kwa kamyoneti, wote na vyombo vyao, lakini anataka awapeleke kama mkwe. Huko kambini, alisema, mwanamke asiye na mume ni taabu kwa baba yake.

Kwa watu wa Clément, vitu vya mahari havipokelewi hivi hivi. Baba humwita binti mbele ya wageni, humwuliza mara tatu kama wavipokee, na binti hujibu kwa mdomo wake. Wako wanaojibu kwa kucheka, wako wanaojibu kwa kulia, lakini sauti lazima itoke.

Clément aliuliza. Adolphine alisimama katikati ya chumba, akatazama mkeka. Alitafuta ndani yake kama mtu anayetafuta sindano gizani. Hakupata ndiyo, hakupata hapana. Baba aliuliza mara ya pili. Nje mbuzi alilia. Aliuliza mara ya tatu, na Régine, akiogopa aibu na akiogopa Alhamisi, akasema mtoto ana haya, tangu zamani ana haya, mnamjua. Mzee Floribert akacheka. Clément akainamisha kichwa, akavipokea.

Jumatatu na Jumanne walifunga vyombo. Jumatano Clément alimwita Chomba, Mubemba mlinzi wa nyumba ya jirani, ampe kazi ya ndege. Wawili hawa walikuwa wametaniana juu ya ukuta ule miaka kumi, na hawakuweza kuacha siku ile ya mwisho.

“Sasa wewe Mukasai,” Chomba alisema, “na ku kampu utaenda na kitabu yako? Kule utasomea nani? Chawa?”

Clément alimwambia kwamba chawa wa Kasai wamesoma kuliko walinzi wa Kibemba. Chomba alicheka, halafu kicheko kikaisha na wote wawili wakatazama chini. Chomba aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. Clément alimwonyesha ulezi, maji, maganda ya mayai. Akasema bado kazi moja, na hiyo ataifanya mwenyewe kesho kabla ya kuondoka: kumwingiza Mado na mume wake katika chumba chenye kisanduku. Musyu akirudi akute mayai.

Alhamisi kamyoneti ilikuja saa mbili. Mzee Floribert alikaa mbele, mlango wazi, akivuta tumbako. Symphorien alipakia mwenyewe: magodoro, sufuria, meza, sanduku la nguo za Alexis ambalo Régine hakukubali kuliacha. Cherehani ya Régine waliibakiza mwisho ili isiumie. Barabarani, nje ya geti, watu walikuwa wanapita tangu alfajiri, vitanda vichwani, watoto mgongoni, wote upande mmoja.

Clément alivaa koti lake. Akanawa mikono.

“Adolphine. Kuya na kitabu.”

Alikuja nalo. Chomba alikuwa pale na ufunguo. Symphorien alisogea pia, akifuta mikono, kwa sababu hajawahi kuona ndege wakioanishwa. Katika shambre Mado alikuwa amekaa vile vile, mwisho wa tawi, amevimba. Shampio alikuwa amechoka kuimba. Clément aliweka mkono juu ya mlango wa kizimba.

“Wiki tatu inaisha,” alisema. “Hapigane, halie. Anakubali. Soma sasa namna ya kubatia ku kisanduku.”

Adolphine alifungua ukurasa. Maneno ya wino yalikuwa yanamngoja: ufunguliwe mlango jioni au asubuhi mapema, dume atangulie. Macho yake yakaenda pembeni. Alisoma, na sauti yake ilikuwa ndogo, hata Chomba akainamisha sikio.

“Hapa Musyu ameandika na krayo. Anasema: jike anayenyamaza hajakubali. Jike anayekubali anaita. Anagonga mdomo kwenye waya, anainama dume amlishe. Yule anayekaa kimya na manyoya yamevimba ana ugonjwa ao ana huzuni, na ukimpa kisanduku atavunja mayai ao atakufa ndani. Mumutoe, mumurudishe kwa wenzake, achague mwenyewe. Anasema: nilikosea hivi mara tatu.”

Clément hakutoa mkono wake kwenye mlango.

“Inaandikwa bile?”

“Ndiyo, papa.”

“Unajua tangu wakati gani?”

“Tangu mwaka jana.”

“Na haukuniambia.”

Adolphine alikuwa bado ameweka kidole kwenye maneno ya pembeni. Clément alimtazama ndege. Kisha akamtazama binti yake, na alimtazama kwa muda mrefu, kama vile Musyu Verbist alivyomfundisha kutazama: macho, manyoya, namna ya kukaa. Chomba alikohoa. Clément akafungua mlango wa shambre, akaingiza mkono polepole, akamtoa Mado akamweka katika banda kubwa. Hakuruka. Alikaa juu ya tawi la kwanza alilowekwa, na ndege wengine wakamwachia nafasi.

Clément aligeuka, akavua kofia, akaanza upya maswali matatu ya Jumapili.

“Symphorien, unisamehe. Dimanshi nilifanya kazi nusu. Adolphine, bile bintu ya Symphorien, tubipokee?”

Mzee Floribert alishuka kwenye kamyoneti. Alisema kwamba mtoto haulizwi mara mbili kwa mahari moja, kwamba Jumapili walikunywa wakamaliza, kwamba nje watu wanakimbia na hapa mtu anaongea na kasuku. Hakusema uongo. Régine alikaa juu ya kiti kilichokuwa bado hakijapakiwa, akafunika mdomo kwa kitenge. Clément alimwacha mzee amalize, kwa heshima, kisha akauliza tena.

“Tubipokee?”

Adolphine alitafuta kule kule alikotafuta Jumapili. Bado kulikuwa kimya. Lakini sasa alijua kwamba kimya hicho kina jina, na kwamba jina lake si ndiyo.

“Musibipokee, papa.”

“Nauliza ya tatu.”

“Musibipokee.”

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee Floribert alitema mate, akarudi kwenye kiti chake cha mbele, akafunga mlango. Symphorien alisimama na kitambaa chake mkononi. Mara moja alianza kutabasamu, kama mtu anayetaka kusema utani, na utani haukuja.

“Ungeniambia Dimanshi,” alimwambia Adolphine.

“Dimanshi sikukuwa nasikia kitu ku moyo. Hata leo. Lakini si wewe, yaya Symphorien.”

Symphorien alilisikia neno yaya, kaka, akatikisa kichwa taratibu. Akasema watapanda hivyo hivyo, gari ni gari. Clément alikataa. Huwezi kumrudishia mtu vitu vyake saa mbili na nusu na saa tatu ukapanda juu ya gari lake, ukala wema wake na umemfungia mlango. Symphorien alilijua hilo kama yeye. Basi walipakua. Symphorien alishusha kila kitu kwa mikono yake, godoro juu ya godoro, sufuria ndani ya sufuria, na sanduku la nguo za Alexis alilishusha polepole kuliko vyote. Vitenge na chumvi vilirudi. Mbuzi alikataa kupanda, akakaza miguu minne, na ilibidi Chomba amsukume matako huku Clément akimvuta pembe, na kwa dakika moja wote walionekana kama watu wanaofanya kazi ya kawaida siku ya kawaida. Kamyoneti ikaondoka. Mbuzi alikuwa anawatazama kwa nyuma.

Walichukua toroli la bustani. Lilitosha magodoro mawili, sufuria na sanduku la nguo. Meza na viti walimwachia Chomba. Clément alimwambia Chomba kwamba kama Mado hatakula mpaka jioni, amponde ulezi na maji ya vuguvugu. Kama ataenda kwa yule wa kijani, amwache. Chomba aliuliza, na Musyu? Clément alifikiri, akasema Musyu ameandika mwenyewe.

Walipofika getini, upande wa banda ndege mmoja aliita, mfupi, mara mbili. Clément alisimama na toroli.

“Ni yeye?”

Adolphine alisikiliza. Ndege walikuwa arobaini na kitu, na sasa wengine nao waliita.

“Sijui, papa.”

Waliingia barabarani, katika mstari wa watu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, na vumbi la mwisho wa kiangazi lilikaa usawa wa magoti. Clément alisukuma, Régine alibeba bunda kichwani, Adolphine cherehani. Ilikuwa ya chuma, nzito, na mpini wake ulikuwa mwembamba. Walipita kwenye kizuizi kile. Vijana walikuwa wamekaa juu ya mapipa, wanakula karanga, na siku ile hawakuuliza jina la mtu. Walikuwa wanahesabu tu. Régine hakugeuza kichwa. Adolphine alitazama mahali penyewe: pipa, jiwe, nyasi kavu. Palikuwa mahali tu.

Mbele kidogo, karibu na lori jeupe la ONU, vidole vyake vilivyokufa ganzi vilianza kuamka. Kwanza kama wadudu, halafu kama moto mwembamba kutoka kwenye mpini mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani. Alisimama. Watu waliwapita pande mbili.

“Leta,” Clément alisema, akiweka toroli chini. “Mi nitaibeba.”

“Ngoja, papa.”

“Inauma?”

“Inauma.”

Baba yake alinyoosha mkono. Adolphine alikuwa anavitazama vidole vyake, vilivyokuwa vyeupe kwenye viungo na vyekundu katikati, na uso wake ulikuwa umeanza kulowa bila yeye kujua.

“Bado kidogo,” alisema. “Acha iume.”